Pawa sapulai haijui kwamba kompyuta haipo

Ukipita uswahilini Dar es Salaam jioni, iwe Manzese au Mbagala, ukasikia besi inatikisa bati la kibanda cha kinyozi, usidhani ndani kuna redio ya bei mbaya. Mara nyingi ni redio ya gari iliyopachikwa kwenye boksi la mbao, na nyuma ya boksi imelala pawa sapulai ya kompyuta ya mezani, kile kifaa cha bati kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo, waya wake wa kijani umesokotwa na mweusi, feni inavuma. Nimefunga nyingi za namna hiyo, zangu na za watu. Mtaji ulitoka kwenye internet kafe niliyokuwa nikiihudumia: watu walipohamia kwenye simu biashara ikafa, mwenye nyumba akataka chumba chake, na mashine za enzi ya Pentium 4 zikakosa mtu wa kuzichukua hata bure. Nikakodi guta.

Ile pawa sapulai haina habari kwamba kompyuta imekufa. Ilibuniwa kumtumikia bwana mmoja, mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, na bado inamsubiri. Inasubiri amri yake ya kuwaka, inautegemea mzigo wake, yaani umeme anaokula, inapima volti pale alipotakiwa kuwa yeye. Nyingi nilizoletewa mezani kwa jina la "imekufa hii" zilikuwa nzima kabisa, ila hazikupewa kitu fulani ambacho mazabodi ingezipa.

Chukua hiyo amri ya kuwaka. Hadi katikati ya miaka ya 1990 kompyuta ilikuwa na swichi nzito iliyokata umeme wa ukutani wenyewe. Ukibonyeza inawaka, basi. Mwaka 1995 Intel ikaleta mpangilio wa ATX, na tangu hapo ukichomeka tu ukutani feni haizunguki, na nyaya nyekundu na njano hazina kitu. Ulio hai ni waya wa zambarau peke yake, wenye volti 5 za kusubiria. Mazabodi ilikuwa ikiishi kwa hizo, na ulipobonyeza kitufe iliushusha waya wa kijani hadi sifuri. Hapo ndipo nyingine zote huwaka, na ndani ya nusu sekunde hivi waya wa kijivu nao hupanda volti 5 kutoa taarifa kwamba mambo yametulia. Kwa hiyo akija mtu na "Kaka, nimechomeka haifanyi kitu," simfungulii hata skrubu. Nachukua kipande cha waya, nagusisha kijani na mweusi ulio jirani yake, maana kijani kinakaa kati ya nyeusi mbili, feni inaanza.

Rangi zilizobaki: nyeusi ni sifuri, njano ni 12, nyekundu 5, chungwa 3.3, bluu ni hasi 12. Ukikuta nyeupe, hiyo ni hasi 5, na inakuambia una kitu cha kale kwa sababu baadaye iliondolewa. Ila rangi usiziamini kabla ya mita. Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zina plagi ya umbo lilelile lakini nyaya zimepangwa kivyake, nyingi za kisasa zina nyaya nyeusi tupu, na kompyuta kadhaa za maofisini za miaka ya karibuni zinatoa 12 pekee.

Waya unaodharauliwa kuliko wote ni ule mwembamba wa kahawia, unaoingia tundu moja na mmojawapo wa chungwa. Dogo mmoja wa chuo alinijia na kazi safi sana: amekata plagi, amekusanya kila rangi, amechomelea kwa risasi, amebana kwa zipu tai. Inawaka kama kupepesa jicho, inazima. Ule wa kahawia alikuwa ameukata na kuufunga tepu kama uchafu. Kazi yake ni kupima zile 3.3 kule mwisho wa waya, kwenye mazabodi, ili pawa sapulai ifidie kinachopotea njiani. Ukiuacha hewani, inaweza kuona kwamba 3.3 haipo kabisa na ikajifunga. Uunganishe na chungwa.

Mzigo ndio wenye mafunzo mengi, na uliutoa ukweli wake wote kwenye mashine ya kutotolea vifaranga. Kuna mama jirani anafuga kuku wa kienyeji, akaniletea ganda la friji bovu na picha kwenye simu. Mpango wenyewe wa kawaida: taa nne za indiketa za gari, wati 21 kila moja, ndizo za kupasha joto, feni ya kompyuta ya kusambaza hewa, na kile kidude cha bei ndogo cha kudhibiti joto, W1209, kinachotumia volti 12, kimewekwa nyuzi 37.5. Taa zote nne zikiwaka ni kama ampea 7. Lebo ya pawa sapulai ilisema 12 inabeba ampea 15, kwa hiyo kwenye karatasi tulikuwa salama.

Nikaweka mita. Taa zimewaka, waya wa njano unasoma 11.2. Nikahamia nyekundu, badala ya 5 naona 5.3. Kidude kikazima taa, tiki, njano ikapanda juu ya 12. Kikawasha tena, ikaporomoka. Kwa ATX volti chanya zinaruhusiwa kucheza asilimia 5 juu au chini, yaani 12 isishuke chini ya 11.4 wala 5 isipite 5.25, kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa nje ya mstari ingawa hakuna kilichoharibika.

Sababu yake ni kwamba pawa sapulai nyingi za zamani hazizipimi 5 na 12 kila moja kivyake. Zinatoka kwenye transfoma moja, zinapita kwenye koili moja ya pamoja, na chipu inayoongoza inaangalia wastani wa mbili hizo. Wahandisi walijua kwamba mazabodi itakula kwenye 5 wakati wote. Mimi nilikuwa nimeiacha 5 bila mtu na kuibebesha 12 peke yake. 12 ikazama, 5 ikapanda, wastani ukabaki mzuri, na chipu ikaridhika.

Dawa yake ni kuipa 5 mlaji wa kudumu. Vitabu vinataja rezista (kipingamizi cha mkondo) ya oum 10 ya wati 10, inayokula nusu ampea, na inafaa, ila inachoma vidole, kwa hiyo uibane kwenye bati. Mimi nilichukua taa ya tano ya indiketa nikaifunga kwenye nyekundu. Kwa volti 5 haiangazi, inakuwa wekundu uliofifia, lakini inakula kama ampea 1. Mita ikarudi 11.8. Taa hiyo nikaiweka humohumo kwenye friji, joto lake lisipotee.

Mama akaangalia akaridhika, kisha akauliza swali ambalo kwa mji huu ndilo la kwanza.

"Mwanangu, umeme ukikatika usiku, mayai yangu je?"

"Tutaweka betri, mama."

"Fundi redio wa hapo kona kaniambia niibane tu betri kwenye njano na nyeusi, itajichaji yenyewe na umeme ukikata itashika."

Fundi huyo simlaumu, mtaani ndivyo inavyofanyika. Lakini betri ya risasi iliyojaa, ikiwa imetulia, ina kama volti 12.7. Pawa sapulai inatoa 12. Haiwezi kuijaza, kuijaza kunataka volti zaidi ya 14, na kuishikilia tu ikiwa imejaa kunataka kama 13.8. Ikiwa betri imekauka mno ndiyo kabisa, inavuta ampea nyingi kwa mkupuo na pawa sapulai inajizima. Na umeme ukikatika, betri inaanza kuilisha pawa sapulai kinyumenyume. Nilimwonyesha pale pale: nikachomoa plagi ukutani, nikabana betri, feni ya pawa sapulai ikaanza kuzunguka kwa furaha, plagi iko mkononi mwangu. Mama akacheka akasema hiyo sasa ni mashetani.

Tulichofanya ni kutumia rilei ya gari ya miguu mitano, ile swichi inayovutwa na umeme. Koili yake inapata umeme kutoka kwenye njano ya pawa sapulai. Umeme ukiwepo, rilei inavutwa na mashine inakula kwa pawa sapulai. Ukikatika, inaachia na mashine inahamia kwenye betri. Betri ina chaja yake mbali, haijuani na pawa sapulai isipokuwa kwa ule waya mweusi. Ni betri ya 50Ah (ampea-saa 50), na betri ya aina hiyo hutakiwi kuila zaidi ya nusu, kwa hiyo kwa ampea 7 mfululizo una saa tatu na nusu. Taa haziwaki mfululizo, hivyo kwa kweli inakwenda zaidi. Mayai ya kuku yanataka siku 21, na ndani ya siku hizo hapa kwetu umeme lazima ukatike.

Kuna wanaopandisha ile 12 hadi 13.8 kwa kubadili rezista kwenye mguu wa kwanza wa ile chipu inayoongoza, TL494 au pacha wake KA7500, hasa wapenzi wa redio za mawasiliano. Inawezekana, nimeiona ikifanya kazi. Lakini 5 nayo inapanda pamoja, ulinzi wa volti kuzidi unaizima pawa sapulai, na baadhi ya kapasita (vihifadhi chaji) za upande wa kutoka hazikuandaliwa kwa hilo. Kama huwezi kuisoma sakiti, nunua chaja.

Turudi kwa kinyozi. Yeye ugomvi wake ulikuwa wati. "Bro, hii imeandikwa wati 300, mbona inazima besi ikipiga?" Wati 300 ni jumla ya nyaya zote, na kwenye pawa sapulai za kabla ya mwaka 2000 sehemu kubwa ya jumla hiyo ipo kwenye 5 na 3.3, kwa sababu prosesa, ubongo wa kompyuta, za wakati ule zilikula huko. Ilikuwa Pentium 4 iliyohamishia ulaji kwenye 12, ndiyo ikaja na ile plagi ndogo ya ziada ya nyaya nne. Yake ilikuwa ya zamani: soma mstari wa 12V, ampea 10. Hizo ni wati 120, na amplifaya ya gari besi ikigonga inazipita bila kuaga. Ikishajizima haiwaki tena mpaka utenganishe kijani na mweusi au uchomoe ukutani usubiri kidogo. Yeye alikuwa akiipiga kofi.

Akaenda kununua kapasita kubwa ya gari, ya faradi 1, akiwa ameambiwa ndiyo tiba ya besi. Sasa ikawa haiwaki kabisa. Kapasita tupu ya ukubwa huo, kwa macho ya pawa sapulai, ni shoti tupu: inajaribu kuwaka, inaona waya wa njano umekwama karibu na sifuri, inajilinda. Nilimpitishia taa ya indiketa katikati. Taa inawaka kwa nguvu, inafifia taratibu, na ikizimika kapasita imejaa; hapo unabonyeza swichi inayoiruka taa na muziki unaanza. Kila umeme ukikatika na kurudi anarudia zoezi hilo, na wateja wake wamelizoea.

Nisiwafiche upande wa hatari. Ndani ya boksi lile umeme wa 230 unageuzwa kuwa wa kwenda upande mmoja, kama volti 325, na unakaa kwenye kapasita mbili nene kama betri za tochi. Nyingi zina rezista za kuzimaliza, lakini rezista hizo zikikatika, chaji inabaki baada ya kuchomoa. Mafundi wetu wengi huzipiga kwa bisibisi. Ukiangalia ncha ya bisibisi zao utaona imeliwa kama kipande cha muwa. Mimi nasubiri, napima kwa mita, na kama zimebaki nazimaliza kwa taa ya kawaida ya nyuzi, kisha napima tena. Kwa kazi nyingi nilizoeleza hapa hakuna sababu ya kulifungua boksi, isipokuwa kulipuliza vumbi. Na mijusi. Wanapenda joto la ile ya zambarau isiyolala, na nimekuta aliyekauka juu ya miguu ya transista.

Zile zenye swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230, ihamishe kwenye 230 kisha uizibe kwa gundi. Ikiwa kwenye 115 halafu ukachomeka kwetu, sakiti inaongeza volti mara mbili, na kila kapasita ya volti 200 inabebeshwa 325. Mlio wake utausikia nyumba ya tatu.

Linalowatisha wengi halina kishindo. Mtu anagusa bati la boksi, anahisi mkono unachonyota, anaweka tesita, taa ya tesita inawaka. "Ina shoti!" Mara nyingi haina. Pale umeme unapoingia kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele, moja kutoka kila waya kwenda kwenye bati, na bati limetakiwa liwe limefungwa kwenye erthi, waya wa kwenda ardhini. Erthi isipokuwepo, bati linaelea katikati, karibu volti 115, kwa mkondo mdogo sana. Nyumba nyingi tunazopanga tundu la tatu la soketi ni pambo, na wengine wanalichokonoa kwa kifuniko cha kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie. Na kwa kuwa nyaya nyeusi zote zimeshikana na bati, kuchonyota huko kunasafiri hadi kwenye jeki ya simu uliyochomeka kwenye redio. Kabla ya kuilaumu pawa sapulai, itie erthi ya kweli.

Kushikana huko kwa nyeusi na bati ndiko kunakowaumbua wanaotaka volti 24. Wanachukua pawa sapulai mbili, wanaunga nyeusi ya pili kwenye njano ya kwanza. Lakini nyeusi ya pili imefungwa kwenye erthi, na nyeusi ya kwanza vilevile, kwa hiyo umeunga njano moja kwa moja na erthi. Kinachofuata ni ushauri wa kijiweni: kata erthi. Hapana. Kama unataka 24, tafuta kifaa cha 24 au moduli ya kupandisha volti. Ukichukua ile bluu ya hasi 12 na njano utapata 24, ila bluu inabeba chini ya ampea 1, yatosha kwa sakiti ndogo tu.

Mtu ataniuliza kwa nini asinunue tu kile kipawa sapulai cha bati cha taa za LED, 12V ampea 10, kinachouzwa Kariakoo. Anunue, kwa kazi ya taa ni kimya na hakihitaji ujanja wowote. Lakini chenye bei ya chini sana sikiachii kitu cha thamani, maana huwezi kujua kama ndani wameweka ulinzi wowote. Ya kompyuta ukigusanisha njano na nyeusi kwa bahati mbaya inazima. Tena ina kitu ambacho hicho kingine hakina: ule waya wa zambarau. Mashine ya kumwagilia bustani niliyonayo ina kichipu cha kudhibiti kinachoishi kwa volti 5 za zambarau usiku kucha bila feni kuzunguka, na muda ukifika, transista moja ndogo inaushusha waya wa kijani, pampu ya 12 inapata umeme, inamwaga, kila kitu kinalala. Hapo ndipo nilipoona raha ya kifaa hiki, kukifanyia kilekile ambacho mazabodi ilikuwa ikikifanyia.

Za kuchagua nazipata kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao huzivunja kutoa shaba na aluminiamu. Nimemwomba mmoja aniwekee pembeni kabla hajashika nyundo. Nainua: nyepesi sana naiacha, wamebana matumizi kwenye transfoma na mabati ya kupoozea. Namulika tochi kwenye matundu ya feni kutafuta kapasita zilizovimba vichwa, ugonjwa uliozishika sana za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Naisogeza puani; iliyoungua haifichi. Halafu lebo, mstari wa 12V. Zilizokufa kweli nazo nachukua chache kwa ajili ya soketi ya nyuma, feni, koili na mabati ya kupoozea. Boksi tupu namrudishia, analiweka kwenye mizani.